Sita Iliyoongezwa Mara Mbili

Jumamosi ile niliamua kupanga kabati langu, na nililipanga vizuri mpaka nusura niue watu.

Kabati lenyewe si la mbao. Ni vipande vya msimbo elfu mbili mia tatu na kumi na moja, nilivyovikusanya kwa miaka ishirini na sita, tangu enzi zile kutengeneza tovuti kulipokuwa kazi ya vijana wenye kompyuta zilizopasuka kioo. Kuna kitufe cha "Tuma" ambacho hakimruhusu mtu mwenye haraka kutuma fomu mara tatu. Kuna kalenda inayojua sikukuu zote, hata zile zinazosubiri mwezi uandame. Kuna fomu ya msiba inayouliza kwanza jina la marehemu, ndipo iulize jina la anayejaza, kwa sababu niligundua watu wenye huzuni hawapendi kuanza kwa kujieleza wao. Ukitaka kujenga ukurasa wa shule, wa kwaya au wa zahanati popote kati ya Njombe na Songea, unachukua vipande kwangu, unavipanga, jioni umemaliza.

Zamani ukinakili kipande, nakala ilikuwa yatima. Siku hizi vipande ni hai. Kila nakala, popote ilipobandikwa, ina mzizi unaorudi kabatini kwangu. Nikibadilisha herufi moja kwenye kipande mama, nakala zote zinabadilika ndani ya dakika moja, kuanzia Ludewa mpaka Tunduru. Tuliupokea uvumbuzi huo kwa shangwe, maana tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya kurasa zilizoandikwa na mashine, kurasa za kupendeza ambazo zikiharibika hakuna binadamu aliyejua kuzisoma. Ndipo ikaja sheria: ukurasa wowote unaogusa mwili wa mtu, iwe dawa, damu au uzazi, lazima uandikwe kwa mkono na mtu mwenye jina, anayeitika akiitwa. Mimi ni mmoja wa wanaoitika. Naitwa Agripina Mgaya, nina miaka hamsini na mbili, na navaa sweta mbili kuanzia Mei mpaka Agosti.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umekaa juu ya Njombe na sikuwa na pa kwenda. Nikachemsha chai, nikafungua kabati, nikaanza. Kazi ya kupanga ina utamu wake. Unakuta vipande vitatu vyenye jina "menyu", "menyu-mpya" na "menyu-hii-ndiyo-yenyewe", na vyote vinafanya kazi moja. Unachagua kilicho safi, unaipeleka mizizi ya vile viwili kwake, unavifuta. Unaweka lebo: hiki cha nini, kilitoka wapi, nani aliomba. Kufikia saa tatu nilikuwa nimefuta vipande tisini na nne na najisikia mwepesi kama mtu aliyetoka kunyoa nywele.

Saa tatu na nusu nikawakuta pacha.

Kimoja kiliitwa "saa-geuza", changu. Kingine kiliitwa "saa-pokea", cha Mzee Nikodemu Sanga, aliyenifundisha kazi, ambaye alipostaafu alinikabidhi vipande vyake vyote mia saba niviitikie kwa jina langu. Vilikuwa na mistari thelathini na mmoja kila kimoja. Nilivilaza ubavu kwa ubavu nikavipitia. Vilifanana kila kitu, isipokuwa mstari wa kumi na tisa. Changu kilikuwa na "ongeza sita". Chake kilikuwa na mstari mtupu.

Hapa lazima nieleze. Visanduku vya dawa tunavyowawekea wagonjwa majumbani vinatoka kiwandani vikihesabu saa kuanzia usiku wa manane. Sisi tunahesabu tangu jua lichomoze. Nesi akimwandikia mgonjwa saa mbili asubuhi, kisanduku lazima kiambiwe saa nane, la sivyo kitamwamsha mtu alfajiri kabla hata jogoo hajawika. Lazima mtu aongeze sita mahali fulani.

Nikautazama ule mstari mtupu. Nikasema, mzee kasahau. Na nilifurahi, sitaficha. Mzee Sanga amenisahihisha mimi kwa miaka kumi na minane, na sasa nimeshika kosa lake mkononi.

Sisi tunaoitika tuna desturi inayoitwa kusomeana. Kabla hujagusa kipande kinachogusa mwili, unampigia mwenzako, unamsomea kwa sauti mstari kwa mstari, naye anasikiliza kama mtu anayesomewa kumbukumbu za kikao kilichopita. Si sheria, na hakuna anayekagua kama umefanya. Mwenzangu wa kusomeana ndiye huyo huyo Mzee Sanga, na mzee ana ubaya mmoja: ukimsomea mstari mmoja, anakusimulia historia ya mistari mitano. Nikajua nikimpigia, chakula cha mchana kitanikuta bado tupo kwenye mstari wa nne. Isitoshe, Jumamosi ana vikao vya harusi za watu. Sikupiga. Nikaiunganisha mizizi ya vile viwili kwenye "saa-geuza", nikafuta "saa-pokea", nikaandika kwenye lebo: Kosa dogo limerekebishwa. Kisha nikaendelea na vitufe.

*

Mama yangu anaishi Lupembe, kwenye mashamba ya chai, na hupiga simu akiwa na jambo la kulalamikia tu. Simu yake iliingia saa sita na dakika nane.

"Agri, hiki kisanduku mlichoniletea kinaumwa."

"Shikamoo, mama. Kina nini?"

"Marahaba. Asubuhi saa kumi na mbili kimelia, nikala kidonge changu. Sasa hivi saa sita kamili kimelia tena, kikatoa kingine. Nimekila. Halafu nikajiuliza, daktari si alisema kimoja kwa siku?"

Nilikuwa napiga hesabu. Saa kumi na mbili, ongeza sita, ni saa sita.

Mzee hakusahau kitu. Kazi ya "saa-pokea" ilikuwa kupokea saa kama nesi alivyoiandika na kuipitisha ilivyo, mpaka ifike kwa "saa-geuza", ambako sita ingeongezwa. Vilikuwa vinasimama kimoja mbele ya kingine kwenye ukurasa mmoja. Ule mstari mtupu aliuacha makusudi, kuonyesha kwamba hapa haiongezwi. Sasa mimi nimeijaza nafasi hiyo. Sita imeongezwa mara mbili katika kila kisanduku cha dawa ya sukari katika kata arobaini na tatu, na visanduku, kwa utiifu wao wote, vinataka kuwapa watu dozi ya pili.

"Agri? Umekata?"

"Nipo, mama. Sikiliza. Weka chai, tia sukari vijiko vitano, unywe yote."

"Wewe ndiye uliyeninyima sukari miaka minane."

"Leo nimekuruhusu. Na ule uji, na usilale. Mwite mama Keto aje akae nawe mpaka jioni. Ukiona jasho au mikono inatetemeka, kunywa tena."

"Kuna ubaya?"

"Ukinywa hiyo chai hakuna."

"Basi naweka sita," akasema mama, na nikamsikia akiwa na furaha ya wazi kabisa.

Niliiweka simu mezani nikarudi kabatini. Kabati haliniruhusu kuona majina ya wagonjwa, na ni haki yao. Linanionyesha hesabu tu. Nikaiita hesabu. Wanaokunywa dawa saa kumi na mbili asubuhi: kumi na mmoja. Hao kengele yao ya pili ilikwisha kulia. Wanaokunywa saa moja: mia tatu na arobaini. Hao kisanduku kingewalilia saa saba mchana. Wanaokunywa saa mbili: mia tisa na wawili, saa nane.

Ilikuwa saa sita na robo. Nikakifufua "saa-pokea" na mizizi yake, mstari wa kumi na tisa ukiwa mtupu kama mzee alivyouacha, nikaweka kidole juu ya kitufe cha kutuma. Halafu nikakitoa. Sijui kama ilikuwa busara au woga. Asubuhi nilikuwa na uhakika, na sasa uhakika wangu mwenyewe ulikuwa unanitisha. Nikampigia mzee.

*

Alipokea kwa kunong'ona. "Binti, nipo kikaoni. Mimi ndiye mwenyekiti."

"Shikamoo, mzee. Toka nje. Nimeharibu."

Nikasikia kiti kikivutwa, watu wakiombwa radhi, mlango. Kisha upepo. Nikamweleza kwa sentensi nne. Sikujitetea, maana sikuwa na cha kujitetea. Nilingoja anigombeze.

"Nisomee," akasema.

"Mzee, zimebaki dakika thelathini na tisa. Nataka kukirudisha "saa-pokea" kama kilivyokuwa, basi."

"Nisomee basi hicho unachotaka kukirudisha. Kuanzia mstari wa kwanza."

Nikasoma. Nilimsomea mstari wa kwanza mpaka wa kumi na nane, wa kumi na tisa nikasema mtupu, wa ishirini, wa ishirini na moja. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakusimulia chochote. Nilipofika wa ishirini na sita akanisimamisha.

"Rudia huo."

"Kama saa ya dawa imepita na hakuna kumbukumbu ya dozi katika ratiba hii, fidia."

"Fidia maana yake nini?"

"Kisanduku kitoe dawa papo hapo." Nilikuwa nimeshaanza kuelewa kabla sijamaliza kusema. "Nikirudisha saa moja asubuhi wakati huu..."

"Saa moja imepita. Na ratiba ni mpya, haina kumbukumbu. Kisanduku kitafikiri mgonjwa hajanywa leo."

"Vitatoa vyote. Kwa dakika moja."

"Vyote," akasema mzee.

Kitufe kilikuwa bado kinang'aa kwenye kioo, na kidole changu kilikuwa kimekaa juu yake dakika chache zilizopita. Kama ningekibonyeza, watu zaidi ya elfu moja mia mbili wangesikia kengele kabla sijafunga hata kabati, na wengi ni wazee ambao kisanduku kikiwaambia kunywa, wanakunywa. Nilishukuru kwa sauti, sikumbuki nilisema nini. Mzee aliniacha nimalize.

"Sasa tuandike," akasema. "Saa irudi kama zamani, lakini ianze kesho. Leo kisanduku kikae kimya."

Tuliandika mstari mmoja wa ziada, "anza kesho", na kabla ya kutuma alinilazimisha nisome upya kipande chote, mistari thelathini na miwili, taratibu. Saa sita na dakika arobaini na moja nikatuma. Nikaitazama hesabu ya dozi zinazosubiriwa leo ikishuka. Elfu moja mia mbili arobaini na wawili. Mia nne. Sitini. Sifuri.

*

"Sasa," akasema Mzee Sanga.

"Sasa wale kumi na mmoja."

"Mmoja ni mama yako, na anakunywa chai."

"Kumi."

Nyuma yake nilisikia mtu akiita mwenyekiti, naye akamwambia asubiri. "Kidonge kimoja cha ziada, binti. Wengi hawatasikia chochote. Watakula mchana, watahisi njaa zaidi ya kawaida, yataisha."

"Wengi."

"Ndiyo, nimesema wengi. Sikusema wote."

Nilijua anachokizunguka, kwa sababu na mimi nilikuwa nakizunguka. Majina ya wagonjwa wanayo manesi peke yao, na njia ya kuwafikia ni moja tu: kuitika. Kuitika maana yake unatamka kwa sauti yako, kwenye masafa ya zahanati zote, jina lako, ulichofanya na kwa nini. Ukishaitika, kabati linafungwa siku hiyo hiyo. Vipande vinavyogusa mwili vinaachwa vitembee chini ya macho ya wakaguzi. Vingine vyote vinazimwa mpaka uchunguzi uishe: kalenda, fomu ya msiba, matokeo ya shule, ratiba za kwaya. Na uchunguzi ukikuta uzembe, kabati linafutwa lote. Mimi nilikuwa nimeacha kusomeana kwa sababu mwenzangu anaongea sana. Sikujua jina lingine la jambo hilo zaidi ya uzembe.

Kwa upande wa pili, nisipoitika, hakuna atakayejua. Kwenye kumbukumbu ingeonekana Jumamosi moja ya kupanga, kosa na sahihisho, na muda wa saa tatu na kidogo kati yake. Na ndani ya kabati hilo kulikuwa na vipande mia saba vya mtu aliyekuwa amesimama kwenye upepo nje ya kikao cha harusi.

"Ni vyako pia, mzee," nikasema. "Niambie nifanye nini."

"Sikuambii."

"Miaka kumi na minane hujawahi kukosa la kuniambia."

"Leo nimekosa. Nilikupa uviitikie wewe, si mimi." Hakukata simu lakini.

Nilifikiria mama. Alikuwa salama kwa sababu moja tu, kwamba binti yake ndiye aliyeharibu. Wale kumi nao wamekaa majumbani na kidonge tumboni, na hakuna mtoto wao aliyeushika mstari wa kumi na tisa, na atakayelala sukari ikiwa imemshuka huenda asiamke. Ingekuwa binti wa mtu mwingine ndiye aliyekosea leo, na ameshampigia mama yake mwenyewe, halafu akakaa kimya, ningemlaani mpaka naingia kaburini. Nikafungua masafa.

"Naitika," nikasema. "Mimi ni Agripina Mgaya wa Njombe. Leo saa tatu na nusu nimeunganisha vipande viwili vya saa bila kumsomea mwenzangu. Wagonjwa kumi na mmoja wa sukari wanaokunywa dawa saa kumi na mbili asubuhi wamepewa dozi ya pili saa sita mchana. Wapigieni sasa. Wanywe kitu cha sukari, wale, wasilale. Kosa ni langu."

Kioo kikawa cheupe. Miaka ishirini na sita ikatoka machoni pangu, kitufe baada ya kitufe, na la ajabu ni kwamba sikulia. Nilihisi kama mtu aliyetua gunia la viazi mwisho wa mlima, mabega yanauma lakini yapo wazi.

"Nimesikia," akasema Mzee Sanga. "Umesema vizuri." Akarudi kwenye harusi yake.

*

Sista Yuditha wa kituo cha simu za wagonjwa alinipigia mwenyewe, kwa sababu anayeitika huachwa akisikiliza mpaka mwisho. Hakunilaumu. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuongea huku anaandika.

"Wa kwanza amepatikana, mama, anakula ugali. Wa pili yupo. Wa tatu ni wa Lupembe, anasema yuko kikombe cha pili na hataki kusumbuliwa."

"Huyo ni mama yangu."

"Ahaa. Wa nne amekataa kukinywa. Anasema kisanduku kilimtolea akakiambia, nimeshakula cha kwangu, kaa nacho."

Nilicheka, na kicheko kilinitoka kirefu kuliko nilivyotaka. Wa tano, wa sita na wa saba wakaja pamoja, wakiwa kwenye ibada moja ya Jumamosi. Mzee wa kanisa aliwatoa nje mmoja mmoja akawapa soda. Wa nane alikuwa amehisi kizunguzungu na tayari mkwewe alikuwa amemkorogea asali. Wa tisa, yupo. Wa kumi, yupo. Kila Sista Yuditha aliposema "yupo" nilikuwa nakunja kidole kimoja. Nilifikisha vidole kumi nikabaki nimeshika ngumi mbili mapajani.

"Wa kumi na moja hapokei."

"Ni nani?"

"Siruhusiwi kukutajia bila idhini yake, mama. Anaishi peke yake. Tumempigia jirani, anakwenda."

Tulisubiri. Sista aliacha simu wazi, nikawa nasikia wenzake wakiongea na mtu mwingine kuhusu chanjo. Saa saba ikapita, saa ile ambayo visanduku mia tatu na arobaini vingelia, na hakuna kilicholia popote. Nililitambua hilo nikashukuru, na papo hapo nikaona aibu kwa kushukuru kabla ya wakati. Saa saba na dakika kumi. Kumi na nne.

"Amepatikana," akasema Sista Yuditha, na sasa na yeye sauti yake ilikuwa imelegea. "Yuko pembeni ya shamba lake la viazi. Alikuwa amelowa jasho kwenye baridi hii. Jirani amemnywesha chai ya chupa, amempima sukari, inapanda. Inapanda vizuri, mama. Gari la kituo liko njiani, lakini anaongea."

Nikaweka kichwa mezani. Nikalia sasa, sana, bila kuficha, na Sista hakukata.

"Mama Mgaya? Ameomba kuongea na wewe. Amekubali jina lake ulijue. Ni Mzee Mtewele."

Sauti iliyokuja ilikuwa ya polepole, ya mtu anayetafuna mkate huku anazungumza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeniletea vidonge viwili?"

"Ni mimi, mzee. Nisamehe."

"Umesema mwenyewe? Au wamekukamata?"

"Nimesema mwenyewe."

Alimeza. Nilisikia jirani akimhimiza anywe tena, naye akanywa, akachukua muda wake wote.

"Nilikuwa nimechoka ghafla," akasema. "Nikasema ni uzee, nijilaze hapa kwenye matuta nusu saa, nitaendelea na viazi baadaye. Nilikuwa nimeshavua koti nimelitandika. Ndipo huyu akaja anakimbia ananiita jina." "Nilikuwa nalala, mwanangu."